Sura ya Tano: Wenye Kuingoja Hekaya Ipate Uso

Katika mji wa Katoro, mkoani Geita, ambao kwa msimu mmoja huweza kukusanya watu waliotoka Ukerewe, Bukombe, Kigoma na Singida, wote wakiifuata habari ya dhahabu, palikuwa na banda la video lililoezekwa kwa bati na kuzungushiwa maturubai ya buluu, na mlangoni pake ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu na saa zake, na ni mbele ya ubao huo, jioni moja ya kiangazi, nilipomkuta kijana wa miaka kama kumi na minane, kope zake zingali na vumbi jeupe la karasha, akimwuliza mwenye banda kwa sauti ya mtu adaiye haki yake: "Bosi, ile ya Adili lini?"

Mwenye banda alitikisa kichwa, akidhani pengine ni filamu ya Kinigeria au ya Kihindi iliyopewa jina la Kiswahili na wauza kanda, wala hakuwa wa kulaumiwa, kwa kuwa Adili aliyeulizwa hakupata kupita katika kioo chake. Alikuwa ni yule Adili wa marehemu Shaaban Robert, mtawala wa Janibu, aliyetokea katika kitabu cha Adili na Nduguze kilichopigwa chapa mwaka 1952. Na chanzo cha swali kilikuwa mimi, maana karibu mwezi mzima kabla ya jioni ile nilikuwa nikikisoma kitabu hicho kwa sauti, kurasa chache kila usiku, chini ya taa ya sola ya mama ntilie mmoja, baada ya wali na maharage kuliwa na sahani kukusanywa, kwa vijana wapatao kumi ambao mchana hubeba mifuko ya mawe kutoka kwenye maduara na kuipeleka kusagwa.

Nilianza kuwasomea kwa sababu ndogo tu, kwamba mmoja wao aliniona nimekishika kitabu akaniambia, "Shikamoo mwalimu, hicho nacho kina nini ndani?" nami nikaona ni aibu kumjibu kwa muhtasari. Usiku wa kwanza walisikiliza kwa adabu. Usiku wa pili, Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai wa Ughaibu, alipochungulia kwa siri akamwona mwenyeji wake Adili, mtu aliyesifika kwa wema, akiwachapa mijeledi manyani wawili waliofungwa, ilhali machoni mwake mna huruma, hapakuwa tena na mtu wa kutazama simu. Na tulipofika kwenye mji wa mawe, ambamo watu waligeuka majabali wakiwa katika shughuli zao, na msichana mmoja tu, Mwelekevu, akabaki hai katikati ya kimya kile, yule mama ntilie mwenyewe, aliyekuwa akisugua masufuria nje, aliingia na sufuria mkononi akasimama nalo mpaka sura ikaisha.

Tangu usiku huo wakaanza kuitaka filamu. Jambo hili nalieleza kwa makini kwa sababu wako watu wa elimu waliopata kuniambia ya kwamba kijana akitaka kuiona hekaya katika sinema ni dalili ya uvivu wa kusoma, nami naikataa hukumu hiyo kwa moyo wangu wote. Vijana wale walikuwa wamekwisha kuiona hekaya. Kila mmoja alikuwa na Huria wake, yule jini aliyewageuza ndugu wahasidi kuwa manyani, na kila mmoja alikuwa na mji wake wa mawe. Lakini msomaji, au msikilizaji, huona mambo hayo peke yake, nyuma ya macho yake mwenyewe, mahali ambapo hawezi kumshika mkono mwenzake akamwingiza, na shida hiyo, ambayo mpenzi yeyote wa kitabu anaijua, ndiyo izaayo hamu ya sinema. Mtu anataka giza moja, kioo kimoja, na watu mia wavutao pumzi kwa wakati mmoja kwa ajili ya kitu ambacho hapo awali alikipenda katika faragha.

Basi wakaanza kuitengeneza filamu hiyo kabla ya kuwapo. Kijana yule wa karasha alikuwa na daftari lenye jalada la manjano, ambalo kwa mbele aliandika hesabu za mifuko, nani kaleta mingapi na imetoa gramu ngapi, na kwa nyuma, akiligeuza juu chini, aliandika yale ambayo filamu ya Adili haina budi kuwa nayo. Nimelishika daftari lile. Hati yake ni ya mtu aliyeacha shule mapema, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika, lakini orodha yenyewe ilikuwa na nidhamu ya wakili: mijeledi isikike, Ikibali asiwe mtu wa kuchekesha, mji wa mawe usiwe na muziki, manyani wawe na macho ya watu. Juu ya hili la manyani waligombana usiku mzima. Wapo waliotaka manyani wa kweli, wapo waliotaka watu waliovishwa ngozi, na yupo aliyesema, akiwa amewahi kufanya kazi Mwanza kwenye duka la kurekodi kanda, kwamba kompyuta siku hizi huweza kufanya uso wa nyani uwe na haya ya mwanadamu. Naye alinyamaziwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akijaribu kuuwaza uso huo.

Kuhusu mahali, hapakuwa na ugomvi. Mji wa mawe, walisema, upigwe picha kwenye majabali ya Mwanza, yale yaliyopandana juu ya maji kana kwamba yaliwekwa kwa mkono, na bahari ambamo Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao iwe ni ziwa hili letu la Nyanza, ambalo mtu akisimama ufukweni asione ng'ambo. Mmoja akaongeza kisiwa cha Rubondo kwa ajili ya nchi ya majini, kwa sababu msitu wake ni mzito na watu hawakai humo ila wahifadhi na wageni, tangu kilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, na hekaya yake ina mizizi katika Alfu Lela u Lela; bali mle ndani ya kibanda cha chakula, kwa muda wa nusu saa, Ughaibu yote ilihamia Usukuma bila ya kupoteza chochote.

Hapana budi sasa niseme neno juu ya mabanda haya ya video, ambayo watu wa mjini huyaita vibanda umiza kwa sababu ya mbao za kukalia na joto la watu, na ambayo wengi huyapita wakiziba pua. Katika ukanda huu wote, kutoka Kahama mpaka Ushirombo, Runzewe, Nyarugusu na Geita yenyewe, hayo ndiyo majumba ya sinema ya watu wa kazi. Kiingilio ni sarafu. Mpira huonyeshwa, na filamu za kivita huonyeshwa. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kwamba kwa miaka mingi filamu za kigeni zimekuwa zikiingia humo zikiwa zimetafsiriwa, yaani sauti ya mtu mmoja wa kwetu imewekwa juu ya sauti za wenyewe, akisimulia, akifafanua, akiwapa wahusika majina ya utani, akiwaonya watazamaji kwamba huyu anayecheka ndiye mwuaji. Jina la Lufufu, mmoja wa watafsiri hao, lilikuwa likitajwa katika mabanda hayo kwa heshima ileile ambayo wazee walimtajia manju hodari wa ngoma. Sikubaliani na wale waonao kazi ile kuwa ni uharibifu wa filamu. Mtafsiri wa banda alirithi kiti cha bibi msimulizi, na watu walimlipa kwa sababu alikirudisha kioo katika lugha waliyoweza kucheka nayo na kuogopa nayo.

Hamu hii si ya leo, na nchi hii ina kisa chake cha kale, kinachofaa kusimuliwa na mtu akaaye baina ya machimbo. Mwaka 1885 Mwingereza Rider Haggard alitoa riwaya ya ajabu juu ya watu watatu waliovuka jangwa na milima kuitafuta hazina ya Nabii Suleimani, wakaikuta, almasi tupu, katika pango chini ya ulinzi wa ajuza mchawi; na mwaka 1929 riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa kalamu ya Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kitabu kile kiliingia mashuleni, na wanafunzi wa Tanganyika wakakipenda mapenzi ya kweli. Aliyenifundisha kusoma, mzee wa Shinyanga aliyezaliwa zamani za Waingereza, aliweza hata uzeeni kuusimulia mlango wa jiwe ulivyoshuka ukawafungia wale watu pangoni, akishusha kiganja chake mezani polepole mpaka kikagusa ubao.

Tafakari basi hali ya wasomaji wa Shinyanga. Walikuwa na kitabu mkononi kinachoeleza almasi zilizofichwa katika ardhi ya Waafrika, na mwaka 1940, katika pori la Mwadui, safari fupi kutoka mjini kwao, Mkanada John Williamson, mwanajiolojia aliyekuwa amehangaika miaka mingi akitafuta, akalikuta shimo la almasi ambalo ni miongoni mwa makubwa duniani. Hekaya ilikuwa imetoka kitabuni ikakaa jirani. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, likapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi kwa binti mfalme Elizabeth, nalo likachongwa likawa karati 23.6 na kutiwa katika ua la kifuani. Na ajuza wa Haggard, kama angekuwapo, asingeweza kulizuia kwa mlango wowote wa jiwe. Mzee wangu alikuwa akisema kwamba wao watoto waliamini kwa miaka kadhaa kuwa Sulemani wa kitabu ni Mwadui, na kwamba mwandishi alikosea jina la mahali tu.

Na sinema ikaja. Ilikwisha kuja mara moja mwaka 1937, Paul Robeson akiwa Umbopa, yule mfalme aliyejificha katika mavazi ya mtumishi. Halafu ikaja tena mwaka 1950, kubwa na ya rangi, nayo ilipigwa picha katika nchi zetu zenyewe, Kenya, Uganda, Kongo na Tanganyika, ikapewa tuzo mbili za Oscar, moja kwa ajili ya upigaji picha na moja kwa ajili ya uhariri. Nyasi zilikuwa zetu, wanyama walikuwa wetu, na wacheza ngoma waliopita katika kioo walikuwa ni watu wa kanda hii. Lakini msafara ule wa wanaume watatu waliyemjua kila mmoja kwa tabia yake uliongezwa bibi mmoja wa Kizungu, aliyechezwa na Deborah Kerr, ambaye katika kitabu hayumo kabisa, na kwa ajili yake mapenzi yakachukua nafasi ya mambo mengine. Mzee wangu aliiona baada ya miaka mingi, kwenye ukuta wa ukumbi. Alichokumbuka zaidi ni kwamba alikaa akimngoja Umbopa aseme, na Umbopa alisema machache mno.

Maneno hayo yamekaa nami, nami nayaona kuwa ndiyo hofu ya kila apendaye kitabu anapoingoja filamu yake. Haogopi sana ubaya wa picha. Anaogopa kwamba yule aliyekuwa akizungumza naye usiku, katika kurasa, atafika katika kioo akiwa bubu, amesimama nyuma ya mtu mwingine. Wasomaji wa Tolkien, ambaye riwaya yake kuu ilitoka kati ya mwaka 1954 na 1955, walisubiri karibu nusu karne mpaka filamu tatu za mwaka 2001 hadi 2003, na hofu yao ilikuwa ni hiyohiyo. Tafauti ni kwamba lugha ya kitabu na lugha ya kioo kwao zilikuwa moja. Sisi tulio na Kiswahili tumekuwa na taraja mbili za kubeba kwa pamoja, kwamba hekaya isipotoshwe, na kwamba isemwe kwa lugha yake.

Kwa sababu hiyo nitaitaja Vuta N'kuvute, ijapokuwa haina jini wala nyani, maana ndiyo iliyotufundisha kwamba subira hiyo si ya bure. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, hata wakawa wanawajua Yasmini na Denge kama watu wa mtaani. Na miaka 22 ikapita kabla Amil Shivji hajaileta filamu yake, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi wa Septemba 2021, kisha mwaka 2022 ikateuliwa na Tanzania kushindania Oscar ya filamu za lugha nyingine, jambo ambalo lilikuwa halijatendeka tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Mengi ya kitabu yamepunguzwa, na wapo waliolalamika, wakiwamo wanafunzi wangu wawili walioitazama pamoja nami kwenye kompyuta ya mkononi, sauti ikiwa ndogo, huku mvua ikipiga bati. Lakini watu wale walisema. Walisema Kiswahili cha Unguja, bila haraka, pasipo sauti ya mtu mwingine juu yao, na mwanafunzi mmoja, aliyekuja amejiandaa kukasirika, aliniambia baadaye kwamba alisahau kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini.

Niliposimulia habari hiyo Katoro, kijana wa karasha aliniuliza kama Zanzibar imepata yake, sisi tutapata ipi. Adili bado aliipenda, alisema. Ila Adili ni wa pwani. Akataka kujua kama huku nako kuna hekaya ya kufaa. Nikashangaa, maana yeye mwenyewe ni Msukuma wa Shinyanga vijijini, na hekaya anayoiuliza alizaliwa juu yake. Juma lililofuata, akiwa hana mzigo wa kusaga, tulipanda gari pamoja mpaka kwao.

Bibi yake tulimkuta uani, anapepeta mtama. "Mwadila, mayu," nilimwamkia, naye akaitikia bila kuacha ungo, mpaka nilipolitaja jina la Shing'weng'we, ndipo alipouweka chini. Katika Usukuma mtu hahitaji kueleza Shing'weng'we ni nini: ni lile zimwi lililowameza watu wote na mifugo yote, nchi ikabaki tupu, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha, naye akamzaa Masala Kulangwa, kijana ambaye jina lake limebeba akili ndani yake. Bibi alisimulia akiwa ameketi, miguu imenyooshwa, na pale mtoto alipoanza kwenda kuwinda akamwua panzi, akarudi mbio kumwambia mama yake kwamba amemwua Shing'weng'we, alimwimbia panzi yule wimbo mzima, akamwimbia ndege, akawaimbia wanyama waliofuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara sauti ya mama ikijibu kwamba sivyo, mwanangu, huyo siye. Mjukuu wake, aliyebeba mifuko ya mawe tangu akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa akiitikia kibwagizo kwa midomo tu, na sidhani alijua kwamba anaitikia.

Zimwi likauawa. Masala Kulangwa akalipasua tumbo, na watu wakatoka, baba yake, majirani, ng'ombe na mbuzi, nchi ikajaa tena sauti. Hapo wasimulizi wengi wa mjini huishia, na mashuleni pia nimesikia ikiishia hapo. Bibi hakuishia. Alisema kwamba katika kulipasua lile tumbo, kisu cha kijana kilimpitia ajuza mmoja aliyekuwa ndani, kikamkata sikio. Na ajuza yule alitoka akiwa hai na akiwa na hasira, hakushukuru, akaanza kumtafutia mwokozi wake dawa ya kumlipiza. Alipolisema neno la sikio aliinua mkono akalishika la kwake, la kushoto, akalivuta chini kidogo, akaliachia.

Kijana alinitazama. "Mwalimu," alisema, "wakiitengeneza hii, hilo wataliacha."

Nilimjibu kwamba nami naona wataliacha, kwa sababu mtengenezaji wa filamu hupenda nchi iliyookolewa ishangilie, na ajuza mwenye sikio lililokatwa huharibu sherehe. Akaniuliza kama Haggard angeliacha, nikasema sivyo. Akaniuliza kama Shaaban Robert angeliacha. Nikasema hata kidogo, yeye aliyewaweka Hasidi na Mwivu wachapwe kila usiku na ndugu aliyewapenda. Bibi alikuwa ameuchukua ungo wake tena, na makapi ya mtama yalikuwa yakipeperuka kuelekea zizini.

Akalitoa daftari mfuko wa nyuma, lile la jalada la manjano, akaligeuza juu chini. Chini ya manyani alipiga mstari, akaandika Shing'weng'we kwa herufi kubwa, akakosea ving'ong'o akavirekebisha. Halafu akaandika panzi, na mbele yake neno wimbo. Akafikiri kidogo, akamwuliza bibi yake ni sikio lipi.

"La kushoto," bibi akasema, na yeye akaliandika.